Mkunazi Usiokuwapo

Maji yakimwagwa juu ya mchanga ulioungua juani kutwa nzima, hutoa harufu ambayo sijawahi kuipatia jina. Si harufu ya mvua. Ni nzito zaidi, kama ya chungu kipya kinapotiwa maji kwa mara ya kwanza. Hapa Riyadh naisikia karibu kila siku, kwa sababu kazi yangu ni kuchora bustani. Nachora njia, mabwawa na mahali pa kupanda miti, kisha vibarua wanakuja na mipira ya maji kufanya niliyoyachora. Mwezi uliopita walikuwa wanapanda miti kandokando ya njia niliyoipinda kwa makusudi, na dereva wetu Wafula, Mkenya asiyejua kunyamaza, akaukagua mche wa mwisho kutoka juu hadi chini.

"Injinia," akasema, "huu mti wako umefika hapa ukiwa maiti. Tuupande ama tuuzike?"

Wote wakacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya lori nikajifanya nakagua matairi. Wafula hana kosa. Hakujua kwamba mtu wa kwanza kuniita Injinia alikuwa baba yangu, wala hakujua kwamba kuna mti mmoja niliowahi kuuchora ambao haukupandwa wala kuzikwa, na ambao wakati ule ulikuwa bado umekunjwa ndani ya mfuko wa mama yangu.

Kuandika nimejifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza kuchora, bila mwalimu, nikifuta zaidi ya ninachobakiza. Ukurasa huu nimeuanza mara tisa. Nilitaka utoke vizuri. Lakini huko kutaka mambo yatoke vizuri ndiko kulikonifikisha hapa, kwa hiyo mara hii ya kumi nitasema tu mambo yalivyokuwa.

Tuliishi Jeddah, mtaa wa Hindawiyah, ghorofa ya tatu. Kiyoyozi cha dirishani kilidondosha maji ndani ya ndoo, na ndoo ile ilikuwa zamu yangu kuimwaga. Baba alikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja ya binafsi; tulitoka Tanga nikiwa sijaanza kusema. Alianza kuniita Injinia kwa sababu ya viatu. Kila aliyevua viatu mlangoni kwetu, mimi nilivipanga kwa ukubwa, visigino ukutani, na mgeni akivivuruga wakati wa kutoka nilivipanga upya, hata vile vilivyokuwa vinaondoka. "Mwacheni Injinia amalize," baba alikuwa akiwaambia wageni waliosimama soksi tupu ngazini. "Akikatizwa, usiku hapati usingizi."

Yeye ndiye aliyeniletea kitabu. Daktari mmoja Mmarekani alikuwa amemaliza mkataba wake, akaacha sanduku la vitu maabara, na baba akachagua kitu kizito kuliko vyote, nadhani kwa kuamini kwamba uzito ni dalili ya elimu. Kilikuwa ni historia ya makaburi ya mji wa yule daktari. Picha zilijaa kurasa nzima.

"Umemletea mtoto kitabu cha makaburi?" mama aliuliza, mikono imejaa unga wa sambusa.

"Hebu tazama kwanza. Hii ni bustani."

"Bustani ya maiti."

"Basi atajifunza Kiingereza cha maiti. Si angalau hawatamcheka akikosea?"

Nikajifunza kweli, kwa kamusi, neno kwa neno, nimelala kifudifudi chini ya kiyoyozi. Zamani, kitabu kilisema, watu wa mji ule waliwazika wafu wao kwenye viwanja vidogo vya makanisa, katikati ya maduka na nyumba. Viwanja vikajaa. Makaburi yakapandana, wakati wa joto watu wakapita wameziba pua, na kila ugonjwa ulipozuka lawama zikaenda huko. Ndipo wafanyabiashara kadhaa wakanunua shamba lililochoka nje ya mji, lenye vilima na mabonde, wakamwita mpima ardhi na kumwambia asichore mstari ulionyooka hata mmoja. Njia zikazunguka vilima. Bonde la matope likachimbwa kwa majembe na mikokoteni mpaka likawa ziwa. Kila njia ikapewa jina la mti au ua. Na kwa kuwa mji haukuwa na bustani nyingine ya watu wote, Jumapili familia zilikuja na vikapu vya chakula, zikatandika vitambaa kati ya makaburi, watoto wakalisha bata, vijana wakatafuta wachumba. Magari ya farasi yalizidi mpaka wasimamizi wakaanza kutoa tiketi langoni. Kisha mji ukakua, ukapata bustani zake nyingine, ukawasahau wafu wake. Majani yakafika kiunoni, malaika wa mawe wakavunjika pua. Mwishoni wajukuu wa wajukuu wakaunda chama, wakafyeka, wakapanda upya, wakaandika kitabu nilichokuwa nakisoma.

Lakini kilichoniteka hasa kilikuwa nyuma, ndani ya jalada: ramani ya kukunjua, kubwa kama kitambaa cha meza. Kila kaburi lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na jina kwenye orodha. Ungeweza kuchagua mtu yeyote na kumfuata kwa kidole kutoka langoni hadi miguuni pake. Hakuna aliyepotea. Kwa mtoto wa aina yangu, hilo lilikuwa jambo zuri kuliko picha zote. Kulikuwa na sehemu moja tu isiyokuwa na namba, mteremko wa nyasi karibu na ziwa wenye mti mmoja mkubwa. Nilidhani ni nafasi iliyobaki, ya watu ambao walikuwa hawajafa bado.

Mdogo wangu Yahya alizaliwa miezi michache baadaye, akaishi siku kumi na moja. Sitaueleza ugonjwa wake. Sikuuelewa wakati ule na sasa sitaki kujifanya. Nakumbuka alikuwa na nywele nyingi hadi walipomnyoa siku ya saba, na kwamba kichwa chake kilichonyolewa kilinuka maziwa na zafarani. Siku ya kumi na moja baba alirudi kutoka hospitali peke yake, akakaa kwenye ngazi nje ya mlango, akaanza kupanga viatu. Ndivyo nilivyojua.

Alioshwa kwa maji yaliyochemshwa na majani ya mkunazi. Baba alinieleza hivyo asubuhi ile, kwa sauti ileile aliyotumia kunieleza darubini, na neno mkunazi likabaki kinywani mwangu kutwa. Mama alikuwa chumbani na Bi Rukia, jirani yetu wa Mombasa, aliyekuwa anamfunga kifua kwa kanga. Kanga ilikuwa imelowa. Nilidhani wamemwaga maziwa, nikakimbilia kitambaa cha kufutia, na Bi Rukia akanipokonya.

Tulipokuwa tunatoka, mama akaniita. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Wewe una macho," akasema. "Baba yako leo haoni. Nihesabie. Kutoka langoni mpaka atakapolala, safu ngapi, na katika safu yeye ni wa ngapi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi sitaingia kule. Kwetu mwanamke haendi maziko, lakini makaburi yako nyuma ya nyumba, akianika nguo anayaona. Huku nitaona nini? Ukuta. Nihesabie, mwanangu, ili nikimwombea nijue namwelekea wapi."

"Huyo hakosei," Bi Rukia akamwambia. "Huyo akihesabu mchele, mchele unajinyoosha."

Sijawahi kupewa kazi kubwa kama ile, na nakiri nilijisikia mtu. Nilikuwa na miaka tisa na nilikwenda kumzika ndugu yangu nikiwa na fahari.

Baada ya swala ya alasiri baba alimbeba Yahya mikononi kutoka msikitini. Alikuwa mdogo kiasi kwamba wanaume waliojipanga kupokezana jeneza hawakujua waifanyie nini mikono yao. Langoni nikaanza kuhesabu. Sikuona nilichokitarajia. Hapakuwa na ziwa, wala njia za kuzunguka, wala mti, wala jina hata moja. Palikuwa na mchanga wa kijivu, safu zilizonyooka mpaka ukutani, na jiwe dogo kichwani pa kila tuta. Mashimo mengine yalikuwa tayari yamechimbwa, yanasubiri. Sasa naelewa kwamba ndivyo makaburi ya kule yanavyotakiwa kuwa, mfalme na kibarua sawasawa chini ya mchanga uleule. Wakati ule nilielewa kitu kingine. Jeddah nzima ilikuwa inajengwa. Kila mtaa ulikuwa na nguzo za zege zilizochomoza vyuma, na ukiuliza, wakubwa walisema bado haijaisha. Nikaamua kwamba makaburi haya nayo bado hayajaisha. Miti ingekuja, na majina, na ziwa. Mafundi walikuwa wamechelewa tu.

Safu ya kumi na nne. Tulisimama hapo, upande wa watoto, ambako matuta yalikuwa mafupi na yamekaribiana kama mikate kwenye sinia. Baba akashuka ndani ya shimo. Na hapo hapo wasiwasi ukanishika. Karibu na lango kulikuwa na nusu safu, iliyokatwa na chumba cha vifaa. Je, nilikuwa nimeihesabu? Kama nimeihesabu, ilistahili kuhesabiwa? Mama alisema safu, hakusema nusu. Nikaona bado nina muda. Nikachomoka katikati ya kanzu za watu, nikarudi langoni, nikahesabu upya. Kumi na tatu. Nikarudi tena langoni. Kumi na nne. Mara ya tatu nilikwenda polepole, nikiigusa kila safu kwa kidole cha mguu, nikapata kumi na nne na nikaridhika. Nilijisikia vizuri kabisa. Nikainua macho.

Walikuwa wamemaliza. Maziko mengine mawili yalikuwa yamefanyika pale pale wakati ule, na sasa mbele yangu kulikuwa na matuta matatu madogo mapya, yanafanana, na kibarua mwenye mpira wa kijani alikuwa anayamwagia maji yote matatu kwa mkupuo mmoja. Ndipo ile harufu ilipopanda. Baba hakuwa kando ya tuta lolote. Alikuwa kwenye bomba ananawa mikono, mgongo umenielekea, na mabega yake yalikuwa yanafanya kitu ambacho sikuwahi kuyaona yakifanya.

"Yalla, ya walad," kibarua akaniambia kwa upole, akinisogeza ili asinilowanishe. "Halas." Sogea, mtoto, imekwisha.

Ningeweza kumuuliza tuta la Yahya ni lipi. Ningeweza kumuuliza mtu yeyote kati ya wale wanaume, wote walikuwa bado wanajua. Ilihitaji sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ingesema kwamba nilitumwa kazi moja nikaikosa, kwamba ndugu yangu alipokuwa anafukiwa mimi nilikuwa langoni, na kwamba kila mwanamume pale alikuwa amemtupia konzi tatu za mchanga isipokuwa mimi. Baba akageuka, uso umelowa maji ya bomba.

"Umehesabu, Injinia? Mama yako atauliza. Mimi sikuona kitu."

"Nimehesabu," nikasema.

Mama aliuliza kabla sijavua viatu. Nikamwambia safu ya kumi na nne, na hapo sikudanganya. Aliponiuliza wa ngapi, nikasema ni bora nimchoree, maana maneno hayatoshi. Nikajipatia usiku mmoja. Kesho yake nikachukua karatasi yake ya kuokea keki, ile inayopitisha mwanga, nikaitandaza juu ya ramani ya kitabu, nikafuata mistari kwa kalamu. Nilichagua ile pembe ya ziwa. Njia ya kupinda kutoka langoni, ukingo wa maji, mteremko, mti. Chini ya mti nikaweka nukta moja nyekundu. Sikuona kwamba nadanganya, au niseme niligawanyika: nusu yangu ilijua nukta ile ni uongo, na nusu nyingine iliamini kabisa kwamba nachora makaburi yatakavyokuwa yakiisha. Mtoto anaweza kubeba vyote viwili bila kuchoka. Mtu mzima ndiye anayechoka.

Mama aliishika karatasi kwa ncha za vidole. Ilikuwa nzuri, niseme ukweli, ilikuwa kazi safi.

"Huu mti gani?"

"Mkunazi," nikasema. Neno lilikuwa bado liko kinywani.

"Mkunazi!" Akaangua kilio, lakini si kile cha siku iliyopita. Baba alikuwa anaingia na mkate. Mama akamwinulia karatasi. "Mume wangu, ndivyo palivyo? Yuko chini ya mkunazi?"

Baba aliitazama ramani. Kisha akanitazama mimi. Nakumbuka mkate ulikuwa wa moto na mfuko wa plastiki ulikuwa umefanya ukungu kwa ndani, na kwamba alichukua muda mrefu kuuweka mezani.

"Ndivyo," akasema. "Mtoto amechora vizuri."

"Kivuli kinamfika?"

"Kinamfika. Saa za alasiri."

Furaha niliyoipata! Nilidhani baba amethibitisha. Kama baba naye anaujua mti, basi mti upo kwenye mipango ya wakubwa, na ni suala la muda tu. Kwa miezi mingi, basi la shule lilipopita kwenye ule ukuta, niliinuka kwenye kiti kutafuta majani juu yake. Siku moja nikiwa na baba sokoni nilimuuliza, "Ile miti ya makaburini wataipanda lini?" Alisimama katikati ya watu. Nadhani mpaka siku ile aliamini nimebuni ramani ili kumfariji mama, na akaniheshimu kwa hilo. Sasa aliona kwamba nilikuwa mtoto tu.

"Inshallah," akasema, akanishika bega, tukaendelea. Kuhusu hesabu hakuuliza. Hesabu aliiamini.

Kila Ijumaa mama alitoa karatasi kutoka kwenye mfuko wa nailoni alimohifadhi vyeti na ikama zetu za zamani, vile vibali vya kuishi huku. Aliikunjua mapajani, akafuata njia kwa kidole kutoka langoni hadi kwenye nukta, akaomba. Baba saa hiyo alikuwa na kazi jikoni. Siku zote alikuwa na kazi jikoni.

Nilipofika umri wa kusoma bila kamusi, nilikirudia kile kitabu, na karibu na mwisho nikakuta aya ambayo utotoni niliiruka kwa sababu haikuwa na picha. Ilihusu ule mteremko wa nyasi. Haukuwa nafasi iliyobaki. Ulikuwa umejaa. Ndiko walikozikwa watumishi, maskini na watoto wachanga wa mji ule, kwa vibao vya mbao vilivyooza, na wasimamizi wa kwanza hawakuona haja ya kuwaandika. Baadaye waliona nyasi zinapendeza zikiachwa hivyo, wakapanda mti. Nilikifunga kitabu nikakirudisha juu ya kabati. Nilikuwa na miaka kumi na tano, mwenye akili timamu, na mama alikuwa chumba cha pili. Hiyo ilikuwa nafasi nyingine ya kusema ukweli. Nikaipita kama nyingine zote.

Wazazi walirudi Tanga. Mimi nilirudi huku kwa mkataba wangu mwenyewe, kuchora njia zinazopinda na kulipwa kwa hilo. Baba alifariki nyumbani. Yuko nyuma ya nyumba, jina lake limeandikwa kwenye saruji mbichi kwa kijiti, na mama akianika nguo anamwona. Na wiki mbili baada ya ule mzaha wa Wafula, mama alikuja umra na kundi la wanawake wa mtaani. Alipomaliza Makka nikamchukua kwa gari hadi Jeddah. Hakuwa ameomba kingine chochote.

Niliegesha mkabala na lango, saa za alasiri. Alifungua mfuko wa nailoni, akaitoa karatasi. Ilikuwa imekuwa ya manjano na ile nukta ilikuwa tundu. Kidole chake kilikuwa kimeitoboa. Akaitandaza magotini, akatazama juu ya ukuta, akatazama karatasi, akatazama tena.

"Mkunazi siuoni," akasema. "Labda wameukata. Si ulisema huku wanabomoa kila kitu?"

Alikuwa ananifungulia mlango wa uongo mwingine. Ilibaki neno moja, kama siku ile kwenye bomba. Na lingeaminika, mitaa mizima ya mji ule imekwenda, nyumba niliyokulia nayo iko hatarini. Nilishika usukani.

"Mama, haukukatwa. Haukuwapo."

Hakugeuka. "Baba yako aliuona."

"Baba alisema aliuona."

"Kwa hiyo alijua."

Ningesema hapana ningemlinda marehemu, na ningekuwa nimedanganya tena. "Mti, alijua. Hesabu, hakujua. Amekufa akiamini kwamba naijua."

"Na wewe huijui."

"Siijui. Yalikuwa matatu, mapya, yanafanana. Mimi nilikuwa nimerudi langoni kuhesabu upya. Nilipofika walikuwa wameshafukia. Hata mchanga sikumtupia."

Kiyoyozi cha gari kilivuma. Mama aliikunja karatasi mara moja, akaikunjua.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa mtoto katika nyumba ile," akasema. Kisha: "Nimeuombea mti. Ukame ukija Tanga nilikuwa nauombea mti wa huku usikauke. Na baba yako, siku zake za mwisho, nilimwambia asihuzunike, mwanao yuko kivulini anakungoja. Akageukia ukutani. Nikadhani ni maumivu."

Maneno hayo nimeyaandika kama alivyoyasema. Sina la kuongeza wala la kufuta.

"Nisamehe, mama."

"Shuka."

"Mama..."

"Shuka, nenda ndani. Usihesabu. Umtupie mchanga wako, urudi."

Nikaingia. Mlinzi aliniuliza natafuta nani na wa lini, na nilipomjibu akatikisa kichwa; upande ule, alisema, ulishazikwa upya zamani, watu wengine juu ya wale wa kwanza. Nilikwenda hata hivyo. Safu sikuzihesabu, ingawa miguu yangu ilitaka. Niliposimama upande wa watoto nilichuchumaa nikatupa konzi tatu, kisha tatu nyingine, kisha tatu nyingine, mpaka kibarua mmoja mwenye mpira wa maji akaacha kazi yake kunitazama.

Nilirudi garini na mikono yenye mchanga. Mama aliitazama mikono ile, akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho.

"Haya," akasema. "Niambie kulivyo. Ulichokiona tu."

"Mchanga."

"Wa rangi gani?"

"Wa kijivu. Ukilowa unakuwa kama wa kahawia."

"Mawe?"

"Kila kaburi jiwe moja, kichwani. Halina jina."

"Njia?"

"Imenyooka, mama. Kutoka langoni mpaka ukutani."

"Kivuli?"

"Cha ukuta tu. Hakifiki."

Kidole chake kikaitafuta ile nukta magotini. Nikatamani kumpa ndege. Njiwa mmoja tu, amesimama juu ya jiwe. Kule njiwa wamejaa, na angeweza kabisa kuwapo. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka.

"Endelea," mama akasema.

"Mpira wa maji," nikasema. "Wa kijani, mrefu. Una tobo katikati. Maji yanavuja mchangani."